Boti Iliyomuaga Mama

Harufu ya moshi wa jenereta, iliyochanganyika na ya dagaa wanaokaangwa nje, ndiyo iliyonipokea kila Jumamosi mchana mlangoni pa kibanda umiza, banda la video la mtaani kwetu Kasingirima. Ndani kulikuwa na mabenchi, giza la turubai jeusi, joto la kutosha kukausha nguo, na televisheni moja iliyofungiwa kwenye kasha la mbao utadhani ingetoroka. Saa za mchana zilikuwa zetu watoto, na sinema zetu zilikuwa katuni: magari yanayogombana, treni zenye wivu, boti zenye macho. Watu wazima walichungulia, wakacheka, wakaenda zao. Hadi leo nasikia wazazi wenzangu wakisema katuni za magari yanayoongea ni za kuwatuliza watoto ili mtu apate kupika. Mimi siwaungi mkono, maana nilimwona mtu mzima mmoja akiitazama katuni kwa namna ambayo sijamwona mtu akitazama kitu kingine tangu hapo.

Mtu huyo ni mama yangu. Nikiwa darasa la tatu, baba alipakia sabuni na chumvi kwenye boti aliyokuwa nahodha wake, akaingia ziwani kuelekea Kagunga, na ziwa likachafuka. Yalionekana mapipa na mbao. Yeye hakuonekana. Wazee wa ukoo wakamtaka mama akae eda, akawajibu, "Eda ya nani? Nionyesheni kaburi." Kila alipopika wali alibandua ukoko na kuufunika kwa sahani, kwa sababu baba alipokuwa akiondoka alikuwa na neno lake moja, akimwita kwa jina langu, "Mama Zuhura, niwekee ukoko." Asubuhi ukoko huo uliishia kwa kuku. Bibi, mama yake baba, alikuwa akiiona ile sahani anatoka nje kulia. Nyumba nzima tulikuwa hivyo, hatulii msiba wala hatucheki, na mimi niliogopa kila mlango ulipogongwa.

Sinema zetu zilitafsiriwa papo hapo na Athumani, aliyekaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti. Zamani alikuwa baharia wa baba. Homa ndiyo iliyomzuia safari ile. Alikuwa na mchezo wa kuyapa magari majina na sauti za watu wa mtaani. Basi lenye maringo likawa muuza nyama, greda likawa mama ntilie, nasi tukavunjika mbavu. Jumamosi moja mama alikuja kunitoa nikafue sare. Akasimama mlangoni, mkono mmoja umeshika pazia. Kwenye kioo cha televisheni boti moja kuukuu ilikuwa inaiaga bandari, ukungu umetanda mbele yake. Athumani akafungua mdomo, ikatoka sauti ya baba. Si ya kufanana naye. Ya baba mwenyewe, pamoja na mkwaruzo wake.

"Mama Zuhura, usiniwekee tena ukoko. Kula wewe."

Hakuna aliyecheka. Mama akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, baba Zuhura. Nenda salama." Kisha akanishika mkono tukaenda nyumbani. Akafunua sahani, akaula ukoko wote akiwa amesimama, halafu akamwita bibi. "Mama, nitandikie. Naanza eda." Bibi akaanguka chini akimlilia mwanawe kwa Kiha, "Mwana wanje! Mwana wanje!" Ndipo sote tukalia, na majirani wakajaa uani. Athumani aliapa mpaka siku anahamia Mwandiga kwamba hakukusudia: alikuwa na maneno mengine kabisa mdomoni, yakamtoka hayo. Namwamini, na kumwamini huko hakujawahi kunipa raha.

Siku hizi kibanda kile ni duka la simu. Wanangu wanatazama boti na magari yao sebuleni, kwa Kiswahili kisafi cha studio, kisichomjua mtu yeyote wa mtaani. Mama anaishi nasi, amezeeka, na masikio yake huchagua ya kusikia. Juzi boti moja ilipoanza kuongea, aliweka chini ungo wa mchele, akasogeza kiti mpaka karibu na kioo. Mwanangu mdogo akafurahi. "Bibi, kumbe na wewe unapenda katuni?" Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza hadi boti ilipomaliza maneno yake yote.

"Huyu siye," akasema, akarudi kwenye mchele wake.