Kisu Kinachofunga

Mkono wa kushoto wa Bi Fundo ulikuwa na vidole viwili visivyokunjika. Asubuhi ile aliuweka juu ya meza ya muuza visu, wazi kabisa, ili kusiwe na maswali.

"Nataka kisu cha kukunja," akasema. "Cha kutembea nacho mfukoni kila siku. Nikifungue kwa mkono huu mmoja," akainua wa kulia, "na kisinitoboe mfuko."

"Kutoboa mfuko ndiyo kazi ya kisu, mama," akajibu muuzaji, na watu wa meza za jirani wakacheka. Pale sokoni walimwita Makali, na makali yake yalikuwa zaidi mdomoni kuliko kwenye bidhaa.

Bi Fundo hakucheka. Siku nyingine angemjibu, tena angemjibu vizuri, lakini leo hakuja kwa mzaha.

Ngoja nikueleze kwa nini. Mwanamke huyu alikuwa mfunga kamba wa kampuni ndogo ya kukodisha mahema, na jina la Bi Fundo alilipata hapo, maana fundo alilolifunga yeye hata upepo uliliomba ruhusa. Mwaka uliopita hema moja lilinyanyuliwa likiwa bado halijakaa sawa, kamba ikamzunguka kiganja, ikaanza kumburuta. Watu walikuwa wengi, wenye nguvu zao, lakini hakuna aliyekuwa na kisu. Mmoja alikimbilia jikoni kwa watu kuazima. Kilipofika, mishipa ya vidole viwili ilikuwa imeshakatika.

Tangu hapo msimamizi wao, ambaye wote walimwita Kipenga kwa sababu alipenda kupiga mbinja kuliko kusema, aliweka sheria: hakuna kugusa kamba ya kona bila kisu mfukoni. Kiwe kinafunguka kwa mkono mmoja, na kiwe kinafunga, yaani ubapa wake, ile sehemu ya kukatia, ukishafunguka ujikaze palepale, usirudi kumkata aliyeushika. Mwenyewe Bi Fundo akawekwa kupanga viti. Viti! Mtu aliyezoea kushindana na upepo, leo anashindana na plastiki.

Sasa Kipenga alikuwa amemwita jana. Kona nne za hema kubwa zilikuwa zinagawiwa watu wake wa kudumu, na moja alikuwa bado hajaitoa. "Njoo na kisu chako," alimwambia, "tuone." Basi. Na mume wake, alipomsikia asubuhi akivaa viatu vya kazi, hakumkataza. Alisema neno moja tu: "Mke wangu, huo mkono uliobaki ni wa nyumba nzima." Neno hilo ndilo alilokuja nalo sokoni.

Makali akaanza kumpangia visu. Cha kwanza kilikuwa cheusi, kikubwa, kina meno ya msumeno mgongoni na sura ya kutafuta ugomvi. "Hiki ukikitoa hadharani, watu watakimbia."

"Sitaki wakimbie. Nataka wabaki wanisaidie."

Cha pili kiling'aa kama kioo, lakini kilikuwa kigumu kufungua. Kidole gumba kiliteleza mara kwa mara hadi akahisi ukucha unauma. Akakirudisha. Cha tatu kilikuwa na mpini wa mti mwekundu, chepesi, kina kijinundu pembeni mwa ubapa. Akakisukuma kwa gumba. Kikafunguka kama kilikuwa kinamsubiri. Akakipima uzito, akakitia mfukoni, akakitoa, akakifungua tena. Bei yake pia ilikuwa ya mtu mwenye watoto.

"Kinafunga?" akauliza.

Makali alikuwa ameshainama kutafuta mfuko wa kufungia. "Kinafunga kama mdomo wa mwizi kituoni!"

Bi Fundo akalipa, akaondoka na moyo mwepesi.

Kiwanjani, nguzo zilikuwa bado zimelala chini na turubai limekunjwa kama mnyama aliyelala. Wifi yake, dada wa mume wake, alikuwa anagonga vigingi vya chuma. Huyo naye alifanya kazi kampuni hiyohiyo, na ulimi wake haukuwa na likizo.

"Karibu, wifi! Umekuja kwenye kamba au umesahau njia ya viti?"

"Nimekuja kukuonyesha kazi, maana kaka yako amechoka kukuonea aibu."

"Kaka yangu? Kaka yangu alinionea aibu siku aliyokuoa wewe bila kuniuliza!"

Walikuwa wanacheka bado Kipenga alipokuja na kunyoosha kiganja. Wafunga kamba wakatoa visu vyao, mmoja mmoja. Alifungua kila kimoja, akavitenga vidole vyake mbali na mfereji wa mpini ambamo ubapa hulala, kisha akagonga mgongo wa ubapa kwenye kichwa cha kigingi. Ko. Kikabaki wazi. Akakirudisha. Kingine. Ko. Kikabaki wazi.

Kikafika chenye mpini mwekundu. Ko. Ubapa ukaanguka ndani ya mpini kama mtu aliyekatwa kiuno.

Kipenga akakifungua tena, akagonga polepole zaidi. Kikaanguka tena.

"Hiki umeokota?"

"Nimenunua leo. Nilimuuliza muuzaji, akasema kinafunga."

"Kinafunga, sikatai," akasema Kipenga. "Shida yake kinafunga wakati wowote kinapotaka."

Wifi alishindwa kujizuia. "Wifi yangu! Wewe ulikuwa unaulizia komeo, mwenzio amekujibu mlango!"

Hapo ndipo Bi Fundo alipoelewa. Aliulizia kujikaza, akajibiwa kukunjika. Neno moja lilikuwa limebeba mizigo miwili, na kila mtu alichukua wake akaenda nao nyumbani. Akautazama mkono wake wa kulia. Akaona kidole cha shahada jinsi kingelala juu ya ule mfereji, na ubapa jinsi ungekuja.

Kipenga alikuwa anatazama juu. Mawingu upande mmoja wa anga yalikuwa yamebadilika rangi, na majani ya miti ya barabarani yameanza kuonyesha migongo. "Hatungoji jioni," akasema. "Watu wakishamaliza kula tunasimamisha. Usipokuwa hapa na kisu cha maana, wifi yako atashika kona yako. Na atakayeishika leo ndiyo yake."

Wifi akaacha kucheka. "Mimi sijaiomba," akasema kwa sauti ndogo.

Lakini Bi Fundo alikuwa ameshageuka, anakwenda kwa miguu ya haraka, karibu kukimbia.

Makali alimwona tangu mbali, na kwa jinsi mama yule alivyokuwa anapasua watu alijua hakuja kumshukuru.

"Mama, bidhaa ikishatoka mezani..."

"Kinafunga?" Bi Fundo akaweka kisu mbele yake.

"Kinafunga. Si hiki hapa?" Akakikunja. "Kimefunga."

Sauti ya Bi Fundo haikupanda. Afadhali ingepanda. Akaonyesha nguzo ya kibanda, pale kamba ya katani iliyoshika turubai la kivuli ilipofungwa fundo kubwa. "Kifungue. Nenda ukachome fundo lile. Kwa ncha. Sukuma kama mtu anayetaka kutoa mkono wa mwenzake ndani."

"Ili iweje?"

"Choma tu. Kinafunga, si umesema?"

Mwanamke wa meza ya pili, muuza ndoo, akaweka mikono kiunoni. "Choma basi, Makali, tuone! Mdomo wa mwizi huo!"

Makali akakishika kisu. Akakifungua. Akatembea hadi kwenye nguzo kwa mikogo, maana watu walishasimama kutazama. Akaweka ncha kwenye fundo. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimelala sawasawa mahali ambapo ubapa ungerudi, na yeye, mtu wa visu tangu ujana, alikiona. Akavuta pumzi kusukuma. Mkono haukwenda. Akabadilisha mshiko, akavuta pumzi tena. Mkono ukakataa tena.

Hakuna aliyecheka safari hii.

Akarudi mezani, akakikunja taratibu. "Wewe uliposema kufunga," akasema, hamtazami, "mimi nilielewa kukunja."

"Najua. Na mimi nilielewa vyangu. Sasa nipe kinachojikaza."

Akatoa viwili. Vyote vilijikaza vizuri, lakini kimoja bei yake ilikuwa ya kununulia kitanda, na kingine kilitaka mikono miwili kufungua. Bi Fundo alikijaribu hicho kwa mkono mmoja, mara ya tatu kikamponyoka, kikaanguka mezani na kubiringika. Upepo ukapita sokoni, ukanyanyua mifuko ya plastiki. Muuza ndoo akaanza kukusanya ndoo zake.

Makali naye akaanza kufunga mzigo. Akatoa kisu mfukoni mwake, akakata kamba ya boksi bila hata kukitazama. Gumba lilikwenda lenyewe kwenye kitundu cha ubapa, klik, kamba ikaachia, akabonyeza mgongo wa mpini, kikalala. Alifanya hivyo kama mtu anayepepesa macho.

"Hicho," akasema Bi Fundo.

"Kipi?"

"Hicho cha mfukoni mwako."

"Aa, mama. Hiki si cha kuuza. Hiki kimezeeka, mpini una ufa, tazama. Hiki ni mimi na chenyewe."

"Mezani unaweka vya watu. Mfukoni umeweka chako. Mimi nataka cha mfukoni."

"Nina miaka nacho!"

"Na mimi nina mkono mmoja."

Hakulisema kwa kulia. Alilisema kama anavyosema mtu akitaja anapoishi. Makali akageuza kisu kiganjani, mara moja, mara mbili. Akatazama fundo la kamba kwenye nguzo ambalo hakulichoma. Kisha akatema mate pembeni, akakiweka mezani mbele yake, na kukivuta kile chekundu upande wake.

"Tumebadilishana. Nenda kabla sijapata akili."

Bi Fundo hakwenda bado. Alikifungua kwa gumba, akautenga mkono, akagonga mgongo wa ubapa kwenye pembe ya meza. Ko. Kikabaki wazi. Akagonga kwa nguvu zaidi. Kikabaki. Kuuliza si ujinga, lakini leo alikuwa amejifunza kwamba kuna vitu haviulizwi kwa mdomo.

"Asante, kaka."

"Usiniite kaka. Umeninyang'anya."

Alipofika kiwanjani nguzo zilikuwa zinasimama. Turubai lilikuwa limeshanyanyuka nusu, linapumua na kujipiga, na wifi yake alikuwa kwenye kona, amekaza miguu, uso hauna mzaha hata chembe. Kipenga alinyoosha kiganja bila kutoa macho kwenye hema. Akakipokea kile kisu cha ufa, akagonga. Akagonga tena. Akakirudisha na kupiga mbinja fupi.

"Ishike," wifi akampa kamba, "mimi nakuwa nyuma yako kwenye kigingi."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hii haikuwa ung'ongo, ilikuwa nyoka yuleyule. Kamba ilipogusa kiganja chake, kila kidole kilikumbuka, hata vile viwili visivyohisi. Akaishika. Akavuta. Kwa muda hema likamtii, likapanda vizuri, na mabega yake yakaanza kuikumbuka kazi.

Kisha upepo ukaja wote kwa pamoja.

Turubai likajaa. Kamba ikamvuta mbele, ikalegea, ikarudi na kitanzi, na kitanzi kikamkamata kifundo cha mkono wa kushoto. Kikakaza. Visigino vyake vikaanza kuchimba mchanga.

"Kata!" mtu akapiga kelele.

Kisu kilikuwa kimeshafika mkononi; hakumbuki alivyokitoa. Klik. Akapitisha ncha chini ya kamba, makali yakitazama nje. Kukata kulikuwa ni kusukuma kidogo tu. Lakini watu wawili walikuwa chini ya turubai, wameshika nguzo ya katikati, na kona ikiachiwa sasa nguzo ile ingewalalia. Aliiona miguu yao. Mkono unaungua. Ubapa umetulia chini ya uzi wa kwanza wa kamba, haujasogea hata unywele, na yeye akauacha hapo, tayari.

"Wifi!" akaita. "Zungusha kwenye kigingi! Zungusha, sijakata!"

"Kata, we mwanamke!"

"Zungusha!"

Wifi akajitupa magotini. Akapitisha mkia wa kamba kwenye kigingi, mara moja, akavuta kwa uzito wake wote, akapitisha tena. Uzi mmoja wa kamba ukakatika wenyewe kwenye ubapa. Wa pili ukaanza. Kisha uzito ukahamia kwenye chuma, kamba ikalegea kidogo, kidogo tena, na Bi Fundo akachomoa mkono.

Upepo ulikwenda zake kama ulivyokuja. Hema likabaki limesimama, limepinda upande mmoja, watu wawili wakatoka chini yake wakijipangusa na kuuliza kimetokea nini.

Wifi alikuwa bado amepiga magoti, anahema. "Kaka yangu angeniua," akasema. "Halafu ningekufufua wewe nikuue." Akamshika ule mkono wa kushoto, akaugeuza huku na huku. Alama nyekundu ilikuwa imemzunguka kama bangili, lakini kila kilichokuwepo asubuhi kilikuwepo bado.

Kipenga akaja, akatazama zile nyuzi mbili kwenye kamba, moja imekatika na moja imeliwa nusu. Kisha akanyoosha kidole upande wa pili, ambako hema lilikuwa limelegea.

"Lazima livutwe tena kule kabla upepo haujarudi," akasema. "Nani anakwenda?"

Watu wakatazamana. Mawingu yalikuwa bado yapo. Bi Fundo alipangusa viganja kwenye gauni, akatoa kamba nyingine kwenye rundo, akaivuta urefu wake akiitafuta dosari kwa vidole, vizima na vibovu, na kuanza kutembea kuelekea kule.

"Wifi," akasema bila kugeuka, "lete kigingi."