Daftari la Papa Ilunga na sisi watatu tuliomlewesha kwa upendo

Wakuu, salaam nyingi kutoka Lubumbashi.

Hii imenitokea mwenyewe na sitii chumvi. Ningetaka kudanganya ningejipa sehemu nzuri zaidi, maana mimi ni mmoja wa wakosaji.

Mimi ni muuguzi wa kituo kidogo cha afya, mtaa wa Bel-Air. Tuna mgonjwa wetu, Papa Ilunga, mwalimu mkuu mstaafu. Ugonjwa wa kusahau umemshika, lakini adabu na Kifaransa chake viko palepale. Ukimuuliza kitu anajibu kwa uhakika mpaka unaona aibu kumtilia shaka.

Ghafla akaanza kusinzia mchana na kuanguka ovyo. Siku moja nusura aangukie jiko la makaa. Mkewe akatujia analia:

"Bwana yangu iko naisha, na muko naangaria tu!"

Iliniuma sana.

Sasa kituoni kwetu kila mtu alikuwa na lwake. Daktari alikula ofisini peke yake. Mama Véro, anayetembelea wagonjwa majumbani, mimi nilimwona mdogo kwangu. (Ndiyo, nitukaneni.)

Mchana mmoja umeme ukakatika, ofisi ya daktari ikawa tanuri, akaja kukaa nasi kwenye bukari, ugali wetu wa huku, na sombe la majani ya muhogo. Katika kupiga soga nikasema juzi Papa aliniambia hajameza dawa yake ya usingizi, nikampa.

Mama Véro akasimamisha tonge.

"Eh! Ata miye nilimupatia, siku ile ile!"

Daktari akaacha kula. "Na miye niliongeza dose, juu alisema halali usiku."

Watu watatu tuliosoma, mzee mmoja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Jioni ile ile tukaenda wote kwake. Daktari akapunguza dawa, akamwomba mkewe msamaha. Mama Véro ndiye aliyeleta akili: daftari moja la shule likae hapo nyumbani. Anayempa dawa anaandika, asiyelisoma hampi kitu. Na kila Alhamisi tunakula sahani moja, daktari akiwemo.

Baada ya wiki chache, Papa akaacha kuanguka. Kusahau kupo, jina langu halijui hata leo. Lakini anafika getini kusalimu wapita njia, na mkewe anacheka tena. Nilifurahi jamani!

Juzi nafungua daftari, nakuta wino mwekundu kila ukurasa. Mwalimu mkuu amesahihisha!

Mama Véro: 9/10.

Mimi: 7. "Ana haraka."

Daktari: 3/10. "Mwandiko mubaya. Kesho akuye na muzazi wake."

Tulicheka mpaka machozi. Daktari sasa anaandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilichojifunza: muulize mwenzako kabla ya kufungua pakiti ya dawa, hata yule unayemwona mdogo.

Nyie mnaouguza wazee wa namna hii, mnapanganaje? Andikeni hapa chini, ila mwandiko uwe safi. Nitamsomea Papa, na kalamu yake haijaisha wino.