Jiko Chini ya Matumbawe

Mimi kitu cha kunishangaza hakuna. Nilianza na chupa sita za soda ndani ya karai pale stendi ya basi Kisumu, darasa la nne sijamaliza, na kufika miaka ya tisini nina kiwanda changu Obunga, mitungi ya gesi miwili, na soda ya machungwa inanywewa mpaka Asembo Bay. Mtu kama huyo utamshangaza na nini?

Basi shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, akashuka basi la Mombasa amekumbatia tangi la kioo kama mtoto mgonjwa. Alikuwa chuoni akisomea mambo ya bahari. Ndani ya maji kulikuwa na vigae kumi na viwili, kila kimoja na kidoa cha kahawia kama punje ya pilipili manga.

"Hawa ni matumbawe wachanga," akasema. "Ni wanyama."

"Wanyama? Kichwa kiko wapi?"

"Shemeji, tafadhali. Nimewalea mwaka mzima. Wakifa sina mtihani, narudi kuuza omena na mama. Naenda kumwona mama kule Pap Onditi siku tatu tu. Hii pampu ipige mapovu, basi. Usiguse kitu."

Alipoondoka tu, stima ikapotea. Pampu kimya. Mwingine angekaa akilia. Mimi nilivuta mtungi wa gesi ya soda, nikatumbukiza mpira wake majini, nikafungua. Mapovu! Ile pampu yake ilikuwa inakohoa tu. Halafu mvua ikaleta baridi, na hawa ni watu wa Mombasa, wamezoea joto. Nikasukuma jiko la makaa chini ya meza ya chuma iliyobeba tangi. Maji nikayapima na kiwiko, vile mama anapima ya kuogesha mtoto.

"Baba, uliambiwa usiguse," mke wangu akasema.

"Tangi sijagusa. Nimegusa jiko."

Siku ya tatu vile vidoa vilikuwa vyeupe pe, kama meno ya mtoto. Nikasimama mlangoni kumngojea shemeji anishukuru.

Aliingia, akaona, akakalia kreti ya soda.

"Nimekusafishia," nikasema.

"Shemeji, ule haukuwa uchafu. Ni mimea midogo sana, inaishi ndani ya mwili wa tumbawe na kumpikia chakula kwa mwanga wa jua. Joto likizidi, tumbawe anamfukuza mpishi wake. Huu weupe ni njaa."

"Na gesi?"

"Gesi yako inachachusha maji. Mtoto wa tumbawe anajenga nyumba ya chokaa. Kwenye maji machachu ujenzi unamshinda." Akapangusa macho. "Moshi wa dunia nzima unaingia baharini vivyo hivyo, polepole, na maji yanazidi kupata joto. Hiyo ndiyo kazi yangu, kuona watoto hawa watafanyaje."

"Kumbe! Dunia nzima inahangaika, na mimi nimemaliza kwa siku tatu?"

Alinitazama. Mke wangu ndiye alianza kucheka, halafu na yeye. Akatoa daftari, akaniuliza makaa mangapi, mtungi nilifungua kiasi gani. Mimi, darasa la nne, naandikwa na chuo!

Lakini alisema wanaweza kupona, wakipata haraka maji ya bahari safi, yasiyo moto. Nikamwonyesha pakiti ya chumvi ya jikoni. Akanionyesha mlango.

Nikapigia simu mteja wangu Mombasa. Alichota jerikeni nane, lakini kondakta akakataa kuzipakia juu. "Bwana, maji yakimwagikia mizigo ya watu nitajibu nini? Yakae kwenye viti, na anayekaa analipa." Bahari ikasafiri mpaka Kisumu na tiketi nane, jerikeni mbili dirishani.

Wiki kadhaa baadaye vidoa vitano vilirudi kahawia, na kwa vitano hivyo shemeji alipita mtihani. Sikushangaa. Nauli, kuchotewa na mkokoteni wa kutoka stendi, jumla nililipa shilingi elfu tatu, mia nane sitini na tano.