Jaji Aliyefika Dakika Kumi Kabla ya Magharibi

Mimi nina haraka, sikatai. Tuliposikia mgahawa wa shangazi yangu umeingia fainali ya tuzo ya ukarimu hapa London, mimi ndiye niliyekuwa nikirukaruka jikoni siku nzima. Mgahawa wenyewe meza saba tu, nyuma ya Edgware Road. Shangazi alipika miaka ishirini kwenye jiko la hospitali, chini kabisa, chakula kinapanda kwa lifti na yeye hajulikani kama yupo. Tuzo ile aliitaka, tena alishachagua ukuta wa kuitundika. Nami nikaapa ataipata.

Tuliambiwa jaji atakuja mara moja tu, bila taarifa, atakula na kulipa kama mteja yeyote.

Akaja Ramadhani, dakika kumi kabla ya magharibi. Nilimtambua palepale: mama wa makamo, peke yake, anageuza uma kuangalia kama umeoshwa, anaandika kidaftarini chini ya meza. Akaagiza pweza wa nazi, nikakimbia jikoni.

"Pweza atangoja," shangazi akasema, anapakua uji. "Watu wanafuturu."

"Shangazi, ndiye jaji."

"Jaji hana mdomo? Mlete akae na wenzake."

Jamani, nilitamani kulia. Kwetu adhana ikilia hakuna anayeagiza wala anayehudumia. Tunaunganisha meza, na aliyemo ndani anakula, awe Mwislamu asiwe. Jaji akajikuta kati ya dereva wa basi na wauguzi wawili, tende mkononi. Akala tambi, akala kababu, na pweza alipofika akamla kwa vidole. Akatuambia ametoka kaunti ndogo huko Ireland, hoteli na mikahawa ya kule imejaa tuzo, lakini tangu bibi yake afariki hajaongezewa chakula bila kuulizwa. Tumeshinda, nikajiambia.

Kisha akatoa kadi alipe.

"Futari haiuzwi," shangazi akasema, kwa Kiingereza chake cha hospitali.

Akabembeleza, wapi. Mwishowe akasema kweli: yeye ni jaji, na jaji akilishwa bure haruhusiwi kutoa alama.

Nikamshika shangazi mkono. "Mpokelee, nakuomba. Hata ya pweza tu."

"Pweza kaliwa mezani kwa futari, mwanangu."

Nilimkasirikia vibaya sana. Yule mama akafunga kidaftari, akakitia mkobani. Akasema basi, kama hana kazi tena leo, aongezewe uji.

Shangazi akachukua upawa. Akamimina huku anautazama ukuta ule aliouchagua, uji ukamwagika kitambaani. Aliitaka tuzo ile kuliko mimi. Akafuta pale palipomwagika, akamuuliza mgeni wake kama sukari inatosha.