Lebo Nyeusi za Asali ya Mkwe

Otmar ni mtoto wa dada yangu, na urefu ule kautoa upande wetu. Akili ya mashine nayo kaitoa upande wetu, ingawa baba yake akisoma hapa atakataa. Mimi mwenyewe shule ilinivumilia mpaka darasa la tano ikaona inatosha, lakini redio ya mbao niliifungua yote nikaifunga tena, ikalia, na skrubu nne zikabaki mkononi. Maana yake walioiunda walizidisha. Sasa mtoto akilelewa na mjomba wa namna hiyo, mlitegemea awe nani?

Kitu kimoja hakukitoa kwetu, nacho ni aibu. Sisi hatuna aibu nyingi, tunatumia kidogo kidogo. Otmar anayo ya ukoo mzima. Na ukitaka umwone imemjaa mpaka masikioni, mpeleke ukweni.

Katika koo zetu za Ushirombo mama mkwe humtazami usoni, jina lake hulitaji, na huongei naye mpaka awepo mtu wa katikati wa kuyapokea maneno huku na kuyafikisha kule, hata kama kati yenu kuna ungo tu wa mchele. Siku hizi wengi wamelegeza. Otmar hakulegeza hata nusu. Alipomwoa Limi, binti wa mjane mmoja aitwaye Serafina, ilikuwa akimwona mama huyo anakuja njiani anashuka baiskeli, anaingia nayo shambani kwa watu, anatokea mbele huko suruali imejaa mbigiri. Nikamwambia, wewe mtoto, ungekuwa mwizi tungelala njaa. Hakucheka.

Kazi yake ilikuwa Kahama, kwa mzee Jashvant, mwenye duka la jumla. Mzee huyo alizaliwa pale pale, na Kisukuma chake kinawashinda Wasukuma wengi waliosoma. Otmar alikuwa anapima maharage, manjano na pilipili, anafunga kwenye mifuko. Mwaka wa tisini na nane kijana wa mzee, Rushabh, akarudi kutoka Dubai na mashine ya kuchapa lebo. Ilikuwa ndogo, ungeweza kudhani ni pasi ya umeme iliyovimba, na kakibodi kake pembeni. Wakaiwashia jenereta ya duka, Otmar akapewa aifunge.

Akaweka rola ya lebo, akafunika, akabonyeza. Ikatoka lebo nyeupe. Akabonyeza tena, nyeupe. Watu waliokuja kununua chumvi wakasimama kutazama mashine inayotapika karatasi tupu. Akasema wino umeisha. Rushabh akamwambia haina wino, haijawahi kuwa na wino. Akachukua lebo moja, akaikwaruza kwa ukucha upande wa juu, ikaacha mstari mweusi. Akaigeuza, akakwaruza upande wa chini, hakukutokea kitu.

"Karatasi yenyewe ina dawa," Rushabh akamweleza. "Kile kichwa cha mashine kinapata moto, kinaichoma pale panapotakiwa herufi. Wewe umeiweka kifudifudi, unachoma mgongo."

Otmar akaona aibu mbele ya wanunuzi wa chumvi, akaigeuza rola. Tangu siku hiyo mashine ile ikawa yake. Ikiruka lebo, maandishi nusu huku nusu kwenye lebo inayofuata, anashikilia kitufe mpaka taa ipepese, mashine ijipimie upya inapoanzia lebo na inapoishia. Ukitokea mstari mweupe unaokata maneno katikati, anajua ni vumbi la Kahama limekaa kwenye kichwa, anazima, anasubiri kipoe, anakipangusa kwa pamba yenye spiriti. Maandishi yakififia anaongeza moto kidogo. Wenye maduka mengine wakaja kuomba wachapiwe. Nami nilipokuwa duarani, kwenye mashimo ya dhahabu Nyarugusu, nawasimulia wachimbaji wenzangu kwamba mpwa wangu anaandika kwa moto, walisema nimekunywa.

Sasa huyu mama mkwe, Serafina, alikuwa kwenye kikundi cha akina mama wanaouza asali. Wanaume wanatundika mizinga porini, akina mama wanakamua, wanachuja, wanajaza kwenye chupa. Miaka yote asali yao iliuzwa barabarani bila jina la mtu. Mwaka ule akatokea mwanamke mmoja, Hosiana, mnunuzi wa chakula wa kambi ya watafiti wa dhahabu upande wa Geita. Akaionja asali ya Serafina, akaitaka kila mwezi, kwa sharti kwamba kila chupa iwe na jina la mtengenezaji, mahali na tarehe. Bila hivyo bwalo la kambi halipokei.

Serafina hajui kusoma. Lakini lile neno la jina lake kuandikwa kwenye chupa na kwenda kuwekwa mezani kwa watu asiowajua lilimwingia. Akawa anawaambia wenzake kisimani kwamba jina lake litafika Geita kabla yake. Akatuma ujumbe kwa Limi kuomba lebo, Limi akamwambia mumewe.

Pale dukani mzee Jashvant akakaa kwenye kibodi kumsaidia. Akauliza, jina nani? Otmar akanyamaza. Mzee akauliza tena, Otmar anatazama gunia la dengu. Mzee akaelewa, akacheka mpaka akavua miwani, akamsogezea kalamu na kipande cha boksi. Otmar akaandika akiwa amegeuzia uso pembeni, mzee akasoma, akabonyeza. Ndivyo lilivyoandikwa jina la mkwe na mtu asiyeweza kulitamka.

Otmar akafika Ushirombo kwa mama mkwe siku yenyewe ambayo Hosiana angepita mchana. Ilikuwa Juni, asubuhi za baridi. Akakaa nyuma ya ua wa minyaa, Limi akawa anamletea chupa kwa kapu, anabandika, Limi anazirudisha kwa mama. Lebo zilikaa vizuri, nyeupe, zimenyooka. Alipomaliza, Limi akaenda kisimani na ndoo, Otmar akabaki kule nyuma anakula viazi.

Hapa ndipo pabaya. Asali kwenye baridi huganda, inafanya punje. Mnunuzi akiiona ina punje anasema umechanganya sukari, na mjane kuambiwa kachanganya sukari ni matusi. Kwa hiyo akina mama wetu, mgeni wa asali akitarajiwa, hupasha chupa kwenye sufuria la maji ya moto mpaka asali iwe laini, ing'ae. Wamefanya hivyo tangu hatujazaliwa. Serafina akaona asali kwenye zile chupa imeanza ukungu wa kuganda. Akaepua sufuria kubwa lenye mvuke, akaliweka uani, akaanza kuzitumbukiza.

Otmar aliona kupitia upenyo wa minyaa. Mtu mmoja tu Ushirombo nzima alijua karatasi ile ikiguswa na moto inafanya nini, na mtu huyo alikuwa ameshika kiazi mdomoni.

Akamwita Limi. Limi yuko kisimani. Akatazama huku na huku apate mtu wa katikati, hata jirani, hata mpita njia. Hakuna. Akakohoa. Sasa kwetu mkwe wa kiume akikohoa nyuma ya ua anaomba njia, kwamba anataka kwenda kujisaidia na mama ajisitiri. Serafina, mwanamke mwenye adabu zake, akajifunika khanga kichwani, akamgeuzia mgongo, akaendelea kutumbukiza chupa akiwa amemgeuzia mgongo. Otmar akakohoa tena, kwa nguvu. Mama akageuka zaidi, akainama kabisa, na mikono ikaongeza kasi ili amalize ampishe. Otmar aliniambia baadaye kwamba neno la kumzuia alikuwa nalo. Alijua akilisema ataokoa lebo, akajua pia atakuwa kamwita mkwe wake kwa mdomo wake, macho kwa macho, wakiwa wawili tu uani. Akakaa chini. Akaona zinavyoanza kuwa za kijivu, kisha nyeusi, moja baada ya nyingine.

Mimi niliingia na gari la Hosiana. Nilikuwa natoka machimboni, nikamwomba lifti pale Runzewe, na njia nzima nilimsifia mpwa wangu mpaka dereva akafungua redio. Tukashuka. Akina mama wote wamekusanyika, wamevaa vizuri, chupa zimepangwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, asali inang'aa kama taa, na kila chupa imevaa lebo nyeusi tii, kana kwamba zote zimefiwa.

Hosiana alikuwa mwenyeji wa Same, si mkali, ila hakuwa na muda. Akainua moja, akaigeuzageuza.

"Mama, jina liko wapi?"

Serafina akaichukua, akaipangusa kwa ncha ya khanga. Akaisogeza karibu na macho, mtu asiyejua kusoma. Akapangusa tena.

"Asubuhi lilikuwepo, mwanangu," akasema.

Mageni, mwenzake wa kikundi, hakumhurumia. "Si ulisema litafika Geita kabla yako? Naona limeishia jikoni."

Wengine wakatazama chini. Serafina akairudisha chupa mezani polepole, akaficha mikono yote miwili ndani ya khanga. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wamsamehe, pengine ni mikono yake, haijazoea vitu vya kuandikwa, kaviharibu. Mwanamke yule aliamini jina lake limekataa kukaa kwake.

Ndipo Otmar akatokea nyuma ya minyaa. Nikaona, vizuri, mimi nipo, nitapokea maneno niyafikishe. Nikajiweka katikati, nikafungua mdomo. Akanipita kama nguzo. Akaenda akasimama mbele ya mama mkwe, akamtazama usoni.

"Mama, si mikono yako. Nilikuwa pale nyuma, nikakuona unazitia kwenye maji. Karatasi hii joto linaiunguza, mimi nilijua. Nikanyamaza."

Serafina akavuta khanga ikafunika uso wote. Akanigeukia mimi, kwa adabu, akasema kutoka ndani ya kitambaa, "Baba, mwulize kwa nini hakunipa ishara."

Sikuwa na haja ya kufikisha, alishasikia. Akasema, "Nilikohoa, mama. Mara mbili."

"Mwambie nilidhani anataka kwenda chooni."

Mageni akashindwa kujizuia, akacheka, wakafuata wengine, na Hosiana naye akageukia gari mabega yakimtikisika. Mwingine angecheka nao, yangeisha. Otmar alisimama pale katikati ya kicheko, masikio yamemwiva, machozi yanamlengalenga, mtu mzima mwenye mke. Na ndani ya ile khanga najua Serafina hakuwa anacheka. Aibu ya lebo ilikuwa imemtoka, ikaingia nyingine ya kutazamwa na mkwe mbele ya wageni.

Hosiana akachovya kidole, akaonja, akasema asali haina kosa. Lakini chupa zisizosomeka hawezi kuzibeba. Atapita tena wiki inayofuata, akikuta jina linasomeka atachukua, asipolikuta kuna kikundi kingine Katoro wanamsubiri. Akaondoka gari tupu.

Otmar alirudi Kahama jioni ile ile juu ya lori la tumbaku. Mzee Jashvant akamwashia jenereta. Lebo mpya zikaja kwa mkono wa Limi na maagizo yake: pasheni kwanza, acheni ipoe, kausheni chupa, ndipo mbandike, na zisikae juani. Limi akabandika moja kwenye kikombe cha chai ya moto, akina mama wakaiona inavyoungua, wakashika vichwa. Mimi nikapeleka mbuzi kwa Serafina, wa kumwombea radhi mpwa wangu, na maneno mengi mazuri niliyoyatunga njiani. Alipokea mbuzi. Maneno aliyaacha yapite. Akasema Otmar asikanyage uani kwake mpaka atakapoitwa.

Hosiana alikuja kama alivyosema. Otmar alikuja pia, lakini alisimama barabarani na baiskeli, ametupa mgongo. Hosiana akainua chupa, akasoma kwa sauti, "Serafina, Ushirombo." Serafina akamwomba asome tena. Akasoma tena, na Mageni alikuwa wa kwanza kubeba kreti kupeleka garini.

Gari lilipoondoka nikamfuata Otmar. Aliniuliza kama kuna lebo iliyobanduka pembeni. Nikamwambia hakuna. Akauliza maandishi yalikuwa na mstari mweupe katikati. Nikamwambia hayakuwa nao. Kisha akawa anakuna raba ya mpini wa baiskeli, nami nikajua anachotaka kuuliza na hataweza.

"Mkweo kasema lebo za mwezi ujao uzilete mwenyewe," nikamwambia. "Mpaka mlangoni pa ua."

Akafikiri sana.

"Mlangoni upande wa nje, mjomba, au wa ndani?"

Nikarudi uani kuuliza. Serafina alikuwa anaosha sufuria, hakuinua kichwa. Akasema wa nje.