Baba Aliniuliza Kama Waya Ni Nyekundu

Msimamizi wa ukurasa, jina langu lisionekane popote, hata herufi ya kwanza, maana Kitale ni ndogo na gereji ya Baba inajulikana. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, tunaishi Tuwan. Si mtu wa kuongea. Hata hapa saiba, kwenye kompyuta ya kulipia ninapoandikia haya, nimeinuka kwenye kiti nikitaka kurudi nyumbani, nikafika mlangoni, nikarudi.

Baba ni fundi wa waya za magari. Mtu akibadilisha injini, fundi wa injini akishaifunga, gari huletwa kwa Baba aunganishe waya. Kazi hiyo ndiyo imetulea. Injini inakuja na waya zake, gari la zamani lina zake, rangi hazifanani, kwa hivyo lazima uangalie moja moja. Shida ni kwamba macho ya Baba yameingia ukungu. Nyekundu, kahawia na nyeusi kwake sasa ni kitu kimoja. Hakuna anayejua ila mimi. Hata Mama hajui. Nilimwomba aende hospitali akaangaliwe, akakataa kabisa. "Wakiniona tu kwa hiyo foleni, nimekwisha," alisema. "Nani ataachia kipofu gari?"

Basi tukapata njia yetu. Nilikuwa nainama naye chini ya dashibodi nikishika tochi, nauliza kama mwanafunzi. "Baba, hii nyekundu yenye mstari mweupe inaenda wapi?" Naye anajibu kwa sauti ya mwalimu, "Hiyo ni ya stata, ya kuwasha injini, lete hapa." Wateja wakisikia wanadhani najifunza. Lakini muda ulivyoenda na mimi bado nauliza, wakaanza kunicheka. "Fundi, huyu wako kichwa ni ngumu bana. Si hiyo uliuliza jana?" Baba anacheka pamoja nao. Mimi nainamisha uso. Iliniuma, sitadanganya, lakini niliona ni afadhali mimi nionekane mjinga kuliko yeye ajulikane haoni.

Kisha ikaja pikapu ya mzee mmoja wa Tongaren, Peugeot ya zamani anayobebea mahindi hadi Bungoma mjini. Injini yake ya petroli ilikuwa imechoka, akawekewa ya dizeli iliyotoka kwa Toyota. Tulikuwa katikati ya kazi siku ya Jumamosi nilipoenda mazoezi ya kwaya. Nilimwambia, "Baba, ningoje." Hakuningoja. Mzee alikuwa amesimama pale akiharakisha, na nafikiri Baba aliona aibu kusema anangoja mtoto. Niliporudi nilikuta moshi. Alikuwa amechukua waya nyekundu inayotoka moja kwa moja kwa betri, akaifunga kwenye bodi ya gari, kwenye chuma chenyewe, mahali panapofungwa ile nyeusi. Waya zote tulizokuwa tumepanga ziliyeyuka mpaka ndani ya dashibodi.

Watu walikuwa wamejaa. Mzee akauliza, "Sasa nani amefanya hii?"

Baba aligeuza uso upande niliosimama. Labda alinijua kwa sketi nyeupe ya kwaya. Akasema, "Ni huyu. Asubuhi nilimwachia aunganishe hiyo moja tu."

Mzee akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Msichana, si ungebaki tu jikoni na mama yako? Hii gari ndio inalisha watoto wangu." Mtu mwingine akadakia, "Si tulisema huyu hashiki kitu?" Wakacheka wote. Safari hii Baba hakucheka.

Jioni Mama alinigombeza mpaka akachoka. "Ati unachoma gari ya watu. Kuanzia leo uachane na kazi ya baba yako." Halafu Baba akakata ugali, kipande kikubwa, akanipakulia yeye mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kufanya. Alikiweka juu ya kitambaa cha meza, kando ya sahani. Mama akacheka, "Hayo ni mawazo ya gari." Mimi nilikila hapo hapo kwenye kitambaa.

Sasa mzee amekubali Baba airudie kazi, lakini kwa sharti kwamba nisionekane karibu na hiyo pikapu. Inaletwa Jumatatu. Baba amekubali. Nilimfuata nje nikamuuliza, "Baba, utaona aje?" Akanijibu, "Waya nazijua na mkono. Nilianza hii kazi kabla uzaliwe." Tangu siku hiyo situlii. Naosha sufuria zilizo safi, natoka nje, naingia, nasahau nilichofuata. Mzee huwa anabeba mke wake na mtoto mdogo pale mbele. Namwona huyo mtoto akilala njiani, na kitu kikianza kuwaka chini ya miguu yake.

Jana nilimkuta Baba ameketi mlangoni na vipande vya waya. Anavipapasa, anavielekeza kwenye jua, anavitenga kwa marundo. Akaniita, akainua kimoja. "Hii ni nyekundu. Si ni nyekundu?"

Ilikuwa kahawia. Lakini alikuwa anatabasamu, na tangu siku ya moshi sikuwa nimemwona akitabasamu. Nikasema, "Ndio, Baba." Akaiweka kwenye rundo la nyekundu, akaipigapiga na kiganja kama mtu aliyemaliza kazi.

Sasa Jumatatu ataenda akiamini anaona, na mimi ndiye niliyemwaminisha. Nikimwambia mzee wa Tongaren ukweli, nitakuwa nimemvua Baba nguo mbele ya Kitale nzima. Nikimwambia Mama, Baba atajua imetoka kwangu. Leo nikija huku nimeyaruka yale marundo mlangoni, hajayaondoa. Nyinyi mnaosoma hapa, mliopenda baba zenu, nishaurini. Nianze na nani, na nitamwambiaje Baba kwamba ile haikuwa nyekundu?