Mwalimu wa yoga aliyemlaza manju Migato

Saa tatu asubuhi, uwanja wa ngoma wa Migato, Bariadi. Watu wamelala chali juu ya maturubai ya kuanikia pamba, macho wamefumba, midomo wazi. Bibi Nyanjige anapita na ndoo ya maji kichwani. Anasimama.

"Baba, hawa wamekula nini?"

"Hawajala kitu, mayu," anajibu Method Kija, anayetembea taratibu katikati yao. "Wanapumua."

"Kwao hawapumui?"

Method, miaka 47, anafundisha yoga, yaani mazoezi ya kujinyoosha na kuvuta pumzi polepole. Kila kiangazi, pamba ikishauzwa na ngoma zikianza, anazunguka na maturubai yake Lingeka, Migato hadi Malampaka.

Zamani alibeba marobota ya pamba kwenye kinu cha ushirika. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, kinu kikafungwa, naye akabaki na mgongo mbovu. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka mjini akamfundisha kuunyoosha.

"Siku ya kwanza nililia kama mtoto," anasema. "Baada ya mwezi nikafunga viatu mwenyewe."

Sasa anatoza shilingi mia mbili kwa kichwa. Mkulima aliyeinama shambani tangu Mei habishani bei.

Tatizo ni ngoma yenyewe. Wagika na Wagalu, vikundi viwili mahasimu, hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Mwamuzi hakuna. Kinachovuta watu wengi ndicho mshindi. Mwaka jana watu waliviacha vyote viwili, wakaenda kutazama waliolala.

"Wagika na Wagalu hawajawahi kukubaliana kitu," anasema Method. "Siku ile walikubaliana kunipiga."

Mwaka huu Constantine, manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa Wagika, amempa sharti, na Anatoli, manju wa Wagalu, ameliunga mkono: ngoma zikilia, kila mwanafunzi asimame. Akibaki hata mmoja chini, Method hafundishi tena msimu huu. Na msimu huu ndio unaolisha watoto wake sita hadi mvua zirudi.

Ngoma zinalia. Watu wanainuka, wanakung'uta nguo, wanakimbilia uwanjani. Mmoja habanduki. Amejifunika shuka gubigubi na anakoroma.

"Amka, ndugu yangu, utaniua kwa njaa!" Method anamtikisa. Shuka linateleza.

Ni Constantine.

Alikuja alfajiri kwa kificho, kiuno kinamuuma. Kificho kimekwisha. Watu wanarudi mbio kumtazama manju aliyelala huku ngoma yake inapigwa. Wengine wanasimama juu ya karia za baiskeli. Upande wa Wagalu wanabaki wapiga ngoma na mbuzi wawili.

Anatoli anafika akihema. "Mwamshe huyo! Anatushinda!"

Constantine anafumbua jicho moja. Anautazama umati.

"Method, hawa wote wamenifuata mimi?"

"Wewe, baba."

"Sasa nani kasema niamke?" Anajifunika tena.

Hakuna aliyekumbuka sharti.

Method anataka kujenga banda mjini Bariadi, lenye sakafu ya saruji, aache kubeba maturubai mgongoni. Lakini Jumapili yuko Malampaka. Anatoli ameshamfuata pembeni, anaomba naye alazwe, tena katikati ya uwanja. Constantine ameshaweka nafasi yake.

"Nitawalaza wote wawili," anasema Method akikunja turubai. "Tuone nani atakoroma zaidi."